Bibi yangu alipewa siku saba ahame kijiji kwa sababu macho yake ni mekundu

Mwana wa Mbugani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika na kuufuta mara tatu.

Kilichonisukuma leo ni jambo nililoliona asubuhi kwenye daladala hapa Mwanza. Mama mmoja mtu mzima alipanda na kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Macho mekundu, kope zimevimba. Vijana wawili waliokaa nyuma yangu wakanong'onezana, "Huyo usimwangalie sana." Wakacheka. Yule mama alisikia. Akavuta khanga akafunika uso mpaka puani, na tulipofika Mkuyuni akashuka, ilhali nauli alikuwa amelipa ya kufika Buhongwa. Konda alimwita mara mbili, hakugeuka.

Nawajua wanawake wanaovuta khanga namna ile. Mmoja wao ndiye aliyenilea.

Bibi yangu mzaa baba ni mtu wa Kishapu, mkoani Shinyanga. Kazaa wanane, kazika watatu, na babu alipofariki mwaka 1991 alibaki na mji, ng'ombe sita na shamba zuri la mbugani. Mimi nilipelekwa kwake nikiwa na miaka sita, nikakaa naye mpaka namaliza la saba.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo, paa la nyasi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Mafiga matatu katikati. Kuni zilikuwa shida kubwa. Asiyeijua Kishapu ya miaka ile atashangaa, lakini ungeweza kutembea tangu asubuhi mpaka jua la utosi usipate mti wa kukupa kivuli. Kwa hiyo tulipikia mabua ya mtama, miti ya pamba baada ya mavuno, na miezi mingi kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kukiokota ilikuwa kazi yangu, nilikuwa naenda na kikapu nyuma ya ng'ombe wa watu. Kinyesi kinawaka polepole na moshi wake ni mzito, haupandi upesi. Unatanda chini, usawa wa uso wa mtu aliyechuchumaa. Mimi nikiingia mle nilikuwa natoka mbio nakohoa. Bibi hakuweza kutoka. Ugali wa mtama haumsubiri mtu aende kupunga upepo.

Aliingia jikoni akiwa binti wa miaka minane hivi, kama mabinti wote wa wakati wake. Uji alfajiri, chakula cha mchana, ugali wa jioni, na msimu wa pombe za kulimisha moto haukuzimika. Weka masaa manne kwa siku, ambayo ni machache. Zidisha kwa miaka sitini.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Mwaka 1996 nikiwa na miaka tisa, wenzangu machungani waliniambia bibi yako ni nogi, mchawi, tazama macho yake. Wakanieleza kwamba macho yanakuwa mekundu kwa sababu usiku halali, anazunguka. Nami niliamini. Huyu aliyenibeba mgongoni kunipeleka zahanati nilipougua surua, nikamwogopa. Nikaacha kula chakula chake. Nilikuwa nasema nimeshiba, kisha naenda kuomba matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa jirani.

Hakuniuliza kitu. Ila kuanzia wiki ile, kila alipotenga chakula, alimega tonge la kwanza kutoka upande wangu, akachovya kwenye mboga yangu, akala mbele yangu, akameza, ndipo akasukuma sahani kwangu. Kila siku, mpaka nilipomaliza shule. Nilidhani ni mila tu za wazee. Nilikuja kuelewa nikiwa na miaka ishirini na kitu, nimekaa kwenye chumba cha kupanga peke yangu, ugali uko mkononi, nikashindwa kuumeza. Alikuwa anamthibitishia mjukuu wake wa miaka tisa kwamba hamuwekei sumu.

Mwaka 2010 mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Wazazi wakaenda kwa mganga. Mganga hakutaja jina. Alisema ni mwanamke, ni mtu mzima, hana mume, yuko upande jua linakozama, na "mtamjua kwa macho". Jamani, mji wa bibi ulikuwa magharibi ya mji wao. Siku ya tatu akakuta karatasi imebanwa na jiwe mlangoni: siku saba, la sivyo panga. Bibi hajui kusoma. Aliwapelekea wajukuu wamsomee? Hapana, alimpelekea yule mama aliyefiwa amsomee, kwa sababu ndiye jirani wa karibu. Yule mama akasoma, akalia, akamrudishia karatasi bila kumwambia neno.

Tulimtoa usiku kwa pikipiki. Ng'ombe waliachwa. Msimu uliofuata lile shamba la mbugani lilikuwa limelimwa, na waliolilima ni watu wanaoitwa ndugu. Sitasema zaidi hapo.

Mwaka 2013 akiwa Igoma kwa shangazi, tukasikia kuna kambi ya macho, tukampeleka. Mtaalamu alimgeuza kope, akamwangalia muda mrefu kwa tochi, akamuuliza, "Bibi, ulikuwa unapikia nini?" Akajibu. Yule mtaalamu akamweleza taratibu: moshi, vumbi, na ugonjwa wa zamani ulioacha makovu ndani ya kope. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa Kisukuma, sauti ndogo kabisa, na mimi ndiye niliyetafsiri: "Kwa hiyo mimi si nogi?"

Miaka yote ile alikuwa na shaka na nafsi yake. Watu walimtazama usoni wakamwambia yeye ni nani, hata yeye akaanza kujiuliza kama kuna kitu anakifanya usingizini asichokijua.

Wakuu, ile rangi ya jicho ni kumbukumbu ya kila chungu alichotupikia. Tulikula, tukashiba, tukakua, kisha tukamtazama jicho na kumhukumu nalo. Nataka kujua wenzangu: ninyi mlifundishwa nini kuhusu macho mekundu, na nani aliwafundisha?

Jino la Tembo

Mkuu umeniliza. Mimi ni wa Bariadi. Nilifundishwa na watoto wenzangu kama wewe, sikumbuki mtu mzima hata mmoja akituketisha kutufundisha. Lakini pia sikumbuki mtu mzima hata mmoja akitukataza. Tukipita kwa bibi fulani tulikuwa tunakimbia na kutema mate, na wazazi wetu walikuwa wanatuona.

Tabibu wa Kope

Niko kwenye kada ya macho mwaka wa kumi na nne sasa, nimefanya kazi Singida, Dodoma na huko kwenu. Naomba nichangie upande wa ugonjwa, maana wagonjwa wa aina ya bibi nimewaona wengi mno.

Jicho la mama wa kijijini linakuwa jekundu kwa njia kadhaa, na mara nyingi zinakutana kwa mtu mmoja. Moshi unachubua ngozi laini ya jicho kila siku, mishipa midogo ya damu inatanuka, na baada ya miaka hairudi tena ilivyokuwa. Jua, vumbi na upepo wa mbugani vinaotesha kinyama chekundu pembeni ya jicho kuelekea kwenye mboni. Kuna kukauka kwa machozi uzeeni. Na kuna trakoma, ambayo wengi mnaiita vikope.

Vikope vinaletwa na bakteria. Vinaenezwa na vidole, vitambaa na nzi wanaotua kwenye uso wenye matongo. Mtoto anaugua, anapona, anaugua tena. Kila mara ndani ya kope panabaki kovu. Makovu yakizidi yanavuta kope inakunjika kwa ndani, nywele zake zinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Hapo jicho linakuwa jekundu na linatoa machozi mchana na usiku. Wagonjwa wananiambia ni kama kuwa na mchanga ndani ya jicho usiotoka. Wengine wanang'oa nywele za kope wenyewe kwa kibanio.

Ugonjwa huu unawaumiza zaidi wanawake kuliko wanaume. Sababu iko wazi: wao ndio wanaokaa na watoto wadogo wenye maambukizi, wanawafuta nyuso kwa khanga ile ile wanayojifutia wao. Kwa hiyo mleta uzi, pamoja na vyungu ulivyotaja, ongeza na nyuso za watoto. Vikope navyo alivipata kwa kulea.

Kuhusu kutolala: ni kweli wengi wao hawalali vizuri. Macho yanawauma.

Kope iliyokunjika inarekebishwa kwa upasuaji mdogo, kwa ganzi, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maambukizi yanatibiwa kwa azithromaisini. Ombi langu moja: msiwanunulie wazee tone za kuondoa wekundu dukani bila kupimwa. Nyingine zina steroidi. Jicho linakuwa jeupe wiki mbili mnafurahi, kumbe presha ya jicho inapanda, na mtu anaweza kupofuka.

Kifaru Mweusi

Naheshimu uchungu wa mleta uzi, lakini tusidanganyane hapa. Uchawi upo. Nimempoteza mtoto wa kaka yangu mwaka juzi, alikuwa mzima wa afya, siku mbili tu. Hospitali walisema malaria imepanda kichwani. Malaria gani inaua mtoto aliyekuwa anacheza mpira Jumamosi? Msituletee habari za moshi kila kitu. Kuna watu wabaya duniani.

Mwana wa Mbugani

Pole sana kaka kwa msiba, kwa moyo wangu wote. Mtoto anayecheza Jumamosi na kuzikwa Jumanne, hakuna neno la kumtosha mzazi.

Sitabishana nawe kama uchawi upo au haupo. Hata wabaya wapo, nakubali, kwani walioweka karatasi ile mlangoni kwa bibi ni nani kama si wabaya? Nao macho yao ni meupe pe. Naomba unijibu jambo moja tu, kama mlikwenda kwa mganga. Alimtambuaje mhusika?

Kifaru Mweusi

Alimwona kwenye maji.

Mwana wa Mbugani

Na kabla ya kuangalia maji, aliwauliza nini?

Mzee wa Mhunze

Wanangu, mimi umri wangu umeenda, nilikuwa mtumishi wa serikali mkoani Shinyanga tangu miaka ya sabini. Niongeze historia kidogo kwa sababu naona vijana mnaongea kama jambo hili limeanza juzi.

Kwa hesabu za serikali, kati ya mwaka 1970 na 1984 Tanzania Bara waliuawa watu zaidi ya 3,600 kwa tuhuma za uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilikuwa Usukumani kwetu. Haya ni yale yaliyofika polisi.

Mwaka 1976 serikali ilituma vyombo vyake Mwanza na Shinyanga kuwasaka wauaji. Nia ilikuwa njema. Lakini watuhumiwa walikamatwa wengi, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa dola. Mapema 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kubeba dhamana ya yaliyotokea, ingawa hakuna aliyesema kwamba yeye ndiye aliyemtesa mtu. Watu wengi wanakumbuka kujiuzulu kwake kama mfano wa uwajibikaji, na ni sawa. Lakini waulize mzizi wa mkasa ule ulikuwa nini, wachache watakwambia kwamba ulianzia kwa akina mama wazee waliokuwa wanakatwa mapanga majumbani mwao.

Angalieni na hili: hata waliokamatwa, wengine walikamatwa kwa kutajwa tu. Kosa ni lile lile limevaa sare.

Sheria ya Uchawi tunayo tangu Mwingereza, mwaka 1928. Ndani yake kumtaja mtu kwamba ni mchawi nalo ni kosa. Mara ngapi mmesikia mtu amefikishwa mahakamani kwa kumtaja bibi wa watu? Mwaka 2015 wakapigwa marufuku waganga wa ramli chonganishi, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao nao walihukumiwa kwa ngozi. Wakakamatwa wengi. Ramli haijaisha.

Kuhusu kuni, mleta uzi umesema kweli na nataka vijana waijue sababu. Mkoloni alifyeka mapori makubwa Shinyanga kufukuza mbung'o. Ikaja pamba, mapori yaliyobaki yakawa mashamba. Ng'ombe wakaongezeka. Wazee wetu walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa ambayo miti ilikuwa inaota humo, nazo nyingi zikafa wakati wa vijiji vya ujamaa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili zikarudi, na 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa. Niliushuhudia mradi huo kwa macho yangu. Tulikuwa tunahesabu hekta, maziwa, asali, umbali ambao mama anatembea kutafuta kuni. Hakuna siku tuliyokaa kikao tukasema kwamba kila mti unaorudi unapunguza moshi wa kinyesi ndani ya kibanda, na moshi ukipungua kuna bibi atazeeka na macho ambayo hayamwiti mtu mwenye panga. Nimelifikiria leo kwa mara ya kwanza, nikisoma uzi huu. Nina miaka sabini na sita.

Mwana wa Mbugani

Shikamoo mzee wangu. Asante sana. Lile la mti na panga sikuwahi kuliunganisha hata mimi niliyeokota kinyesi.

Mpwani wa Ganze

Hamjambo ndugu zetu wa bara. Mimi niko Kilifi, Kenya. Huku kwetu si jicho, ni mvi.

Mzee akiota mvi vijana wanaanza kumhesabia misiba. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi, si urembo, ni roho. Babu yangu alikuwa ananyoa kichwa chote kila Ijumaa. Mimi nilikuwa nadhani anapenda usafi. Siku moja kinyozi alikuwa hayupo, akaniita nimnyoe mimi, na mikono ilikuwa inamtetemeka akiniharakisha kabla watu hawajaanza kupita njiani.

Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliofukuzwa kwa tuhuma hizi wanapewa hifadhi. Nimewahi kupeleka unga pale. Ukikaa nao ukawauliza, mazungumzo yanaanza na uchawi na baada ya nusu saa yameishia kwenye shamba. Huku wanaolengwa sana ni wazee wanaume, kwa sababu wao ndio wameshika ardhi ya ukoo na vijana wanataka kuuza. Kwenu naona ni wajane. Ile alama inabadilika kufuata mwenye shamba ni nani. Mimi nikisikia mtu anasema "tazama nywele zake", huuliza kwanza ana ekari ngapi.

Dada wa Isamilo

Kaka Mpwani, hapo umegusa. Ila mimi sipendi tukimbilie kwenye ardhi tukajisafisha sisi wengine ambao hatuna shamba la kugombania. Wale vijana wa daladala hawakutaka shamba la yule mama. Mimi niliwahi kukataa kumpangisha chumba mama mmoja aliyetoka kijijini kumuuguza mwanawe pale hospitali ya Bugando. Nilimwambia chumba kimeshachukuliwa. Kilikaa wazi miezi miwili. Sikuwa namwamini, na sikuwa na sababu zaidi ya uso wake. Nina digrii mbili na nasali kila Jumapili. Yule mama sijui alilala wapi.

Mama Makande

Jamani na mimi nimesoma yote, binti yangu ndiye anayenisaidia kuandika. Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, nawapikia watoto mia nne na zaidi makande na uji. Kuni, sufuria kubwa, jiko la mabati. Nina miaka hamsini na tatu. Macho yangu yameanza kuwa mekundu mwaka wa nne huu.

Watoto wa darasa la kwanza wameanza kuniogopa. Kuna mmoja anapokea sahani huku ametazama chini. Nilidhani ana aibu. Sasa nimesoma habari ya bibi na lile tonge, nimekaa hapa sijui niseme nini.

Daktari wa macho, nikuulize. Kinachotoka asubuhi ni kama uzi mweupe, na nikiangalia mbali naona ukungu. Ni umri au ni moshi?

Tabibu wa Kope

Shikamoo mama. Mimi si daktari, ni tabibu wa macho, lakini nitakujibu ninavyoweza. Ukungu wa mbali kwa umri wako unaweza kuwa mtoto wa jicho anaanza, au miwani tu, na siwezi kujua bila kukupima. Hospitali nyingi za wilaya zina kitengo cha macho. Nenda wiki hii, usisubiri likizo ya shule. Waambie unapikia kuni na saa ngapi kwa siku, wengi huwa hawaulizi. Kwa sasa nawa uso kwa maji safi ukitoka jikoni, usijifute kwa kitambaa cha kushikia sufuria, na kama shule ina uwezo waombeni jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia mpaka 2034, na shule zinazolisha watu wengi zimesisitizwa humo. Mwalimu mkuu alifuatilie.

Na yule mtoto anayetazama chini, mwite jina lake.

Mama Makande

Marahaba mwanangu. Jina lake nalijua. Nayajua ya wote.

Kifaru Mweusi

Nimekaa siku mbili bila kujibu. Nilimpigia kaka yangu nikamuuliza, maana mimi siku ile nilikuwa nje nimekaa na pikipiki.

Mganga aliuliza majina ya majirani wa pande zote nne. Akauliza kati yao nani mjane, nani hana mtoto wa kiume mjini. Akauliza nani alikuja msibani akachelewa kuondoka. Halafu ndiyo akaangalia maji.

Yule mama aliyetajwa alichelewa kuondoka kwa sababu alikuwa anaosha vyombo. Shemeji ndiye aliyemwambia kaka wakati naongea naye, nimemsikia kwa nyuma kwenye simu. Alikuwa anaosha vyombo vya msiba wetu.

Alihama mwezi uleule. Hakuna aliyemgusa, lakini aliambiwa. Nimemuuliza kaka alielekea wapi, amesema labda Kahama kwa mdogo wake. Sijasema kwamba sasa siamini uchawi. Nasema Jumamosi naenda Kahama.

Mwana wa Mbugani

Nenda kaka. Ukikosa wa kukusindikiza nitafute kwa ujumbe wa siri, kutoka Mwanza siyo mbali.

Nimechelewa kurudi kwa sababu jana nilikwenda Igoma nikamsomea bibi uzi huu. Nilimwomba ruhusa, na nilitafsiri kila kitu, hata la Kifaru. Alitaka lirudiwe hilo la vyombo. Mambo ya hekta za HASHI hakuyajali sana, akasema miti ilirudi yeye ameshazeeka. Kwa babu wa Kilifi alicheka kidogo, akasema afadhali nywele zinanyoleka.

Mama Makande, una salamu zako. Bibi anasema kuni zianikwe juani siku tatu na zipasuliwe nyembamba, na wewe ukichochea kaa upande upepo unakotokea, usikubali kuzungukwa na moshi kwa haraka ya kuwahi kengele. Watoto watasubiri. Anasema pia usiache kwenda kupimwa kwa kuogopa kisu cha kope, kwamba yeye kilimuuma siku moja tu, na usiku ule alilala mpaka jua likatoka.

Nilipokuwa naaga akanishika mkono. Alitaka kujua kuhusu yule mama wa michembe, kama kuna aliyeshuka naye. Nikasema hapana. Hata wewe? Nikasema hata mimi. Akanyamaza, kisha akauliza kapu lilikuwa limejaa au nusu. Nikamwambia lilikuwa limejaa. Akasema toka Mkuyuni mpaka Buhongwa ni mbali kwa miguu na kapu limejaa.